Rubani Akighairi Kutua

Leo nimekuja na habari ya ndege: ndege kubwa za jeti na njia fupi za kutua. Tafadhali usizime redio kwa kusema mimi sipandi ndege, hayanihusu. Yanakuhusu. Tukifika mbele nitakupeleka kwenye mtaa mmoja ambako ndege iliua watu waliokuwa sokoni na majumbani mwao. Kwa hiyo kaa nami.

Tuanzie Arusha. Tarehe 18 Desemba 2013, ndege aina ya Boeing 767 ya Shirika la Ndege la Ethiopia iliondoka Addis Ababa kuja Uwanja wa Kimataifa wa Kilimanjaro, ule tunaouita KIA. Ilikuwa na watu zaidi ya 200. Ilipokaribia ilibidi isubiri angani, maana njia ya KIA ilikuwa imezibwa na ndege ndogo iliyoharibika. Baadaye marubani wakaiona njia ya lami chini yao, imelala mashariki kwa magharibi, vile vile inavyolala ya KIA. Wakashuka, wakatua. Lakini pale hapakuwa KIA. Palikuwa Kisongo, uwanja mdogo wa Arusha, yapata kilomita 50 kutoka KIA, pale wanapopandia watalii wanaokwenda Serengeti kwa ndege ndogo.

Sasa sikiliza tofauti. Njia ya KIA ina urefu wa mita 3,600. Njia ya Kisongo wakati ule ilikuwa na mita 1,620. Ni chini ya nusu. Ndege ile kubwa ikaishia kwenye majani. Kwa rehema za Mungu hakuna aliyekufa. Abiria walikaa ndani saa kadhaa, kwa sababu uwanja haukuwa na ngazi ndefu za kufika kwenye mlango wa ndege ya ukubwa ule. Siku chache baadaye ndege ikapunguzwa uzito, ikaruka kutoka pale pale Kisongo, ikaondoka.

Watu walipiga picha, wakazisambaza, wengi wakaliona tukio lile kuwa kituko cha kuchekesha. Mimi sikuweza kucheka. Ndani mle walikuwemo wazazi wa watu na watoto wa watu, na kilichowatenga na msiba kilikuwa mita chache za lami. Swali nililobaki nalo tangu siku ile ndilo ninalokuletea leo: ni nini hasa kinachoifanya njia fupi kuwa hatari? Je, ni ufupi wenyewe, au kuna jambo jingine?

Tuelewane kwanza kuhusu mwendo. Ndege kubwa ya jeti inapogusa ardhi huwa inakwenda kilomita 240 hadi 260 kwa saa. Hiyo ni mita 70 kila sekunde. Sekunde moja, mita 70. Ukitamka jina lako na la baba yako, ndege imekwisha kula mita zaidi ya 100 za njia. Sasa chukua njia ya mita 1,600. Rubani akielea juu ya lami kwa sekunde tano tu kabla ya tairi kugusa, mita 350 zimekwenda na hazirudi tena. Breki bado hazijaanza kazi hata kidogo.

Na mwendo una hila yake. Mwendo ukizidi kwa sehemu moja ya kumi, nguvu ambayo breki zinatakiwa kuizima inazidi kwa takribani sehemu moja ya tano. Dereva wa basi la mkoani analijua hili bila kufundishwa darasani: akishuka mlima na mwendo uliozidi kidogo tu, mguu kwenye breki haupati jibu lile alilolizoea. Ndege nayo ni hivyo hivyo. Rubani anayekuja na mwendo uliozidi kidogo, na urefu wa kutoka ardhini uliozidi kidogo, na upepo wa mgongoni kidogo, anaweza kuona kila kimoja ni kidogo. Vikijumlishwa vinaila njia yote.

Labda utaniuliza: kwani njia fupi ni ipi? Mita ngapi? Hapo ndipo wengi tunapokosea. Hakuna njia fupi peke yake. Kuna njia fupi kwa ndege fulani, yenye uzito fulani, siku fulani, kwenye hali fulani ya hewa. Kisongo si fupi kwa ndege ndogo ya abiria kumi na wawili. Kwa Boeing 767 ni fupi mno. Ndege za mapangaboi hutua kwa mwendo mdogo zaidi, na zikishagusa chini, mapanga yale hugeuzwa yakawa kama ukuta unaozuia upepo, yanaivuta ndege nyuma. Ndiyo maana kwa miaka mingi mikoa yetu yenye njia fupi imehudumiwa na mapangaboi, na hakuna aibu yoyote katika hilo.

Nikupe mfano wa mbali kidogo. Katikati ya jiji la London, kando ya mto Thames, kuna uwanja unaoitwa London City. Njia yake ina mita 1,508, fupi kuliko ile ya Kisongo ya mwaka 2013. Hata hivyo ndege za jeti zinatua pale kila siku. Kule Rio de Janeiro, nchini Brazil, uwanja wa Santos Dumont una njia ya mita 1,323 tu, mbele maji na nyuma maji, na ndege za Boeing 737 zinatua. Inawezekanaje? Inawezekana kwa sababu pale hakuna anayejaribu bahati. London City inapokea aina chache tu za ndege zilizothibitishwa, na marubani waliopata mafunzo maalumu, kwa sababu ndege hushuka kwa mteremko mkali kuliko kawaida. Kwa ajili ya Santos Dumont, Boeing walitengeneza marekebisho maalumu ya 737 ili iweze kusimama mapema zaidi. Uzito unahesabiwa kabla ya safari. Mvua ikizidi, ndege inapelekwa uwanja mwingine bila mjadala.

Kwa hiyo, msikilizaji, jambo la kwanza ninaloomba ulishike: njia fupi haiui kwa ufupi wake. Njia fupi inamnyima rubani nafasi ya kusahihisha. Kwenye mita 3,600 za KIA, rubani aliyechelewa kugusa ardhi bado ana lami ya kutosha mbele yake. Kwenye njia fupi, kosa lile lile halina pa kwenda.

Wanaopanga kanuni za usafiri wa anga wanalijua hilo. Katika sehemu kubwa ya dunia, ndege ya jeti hairuhusiwi kuanza safari mpaka hesabu zioneshe kwamba ikifika itaweza kusimama ndani ya asilimia 60 ya njia iliyopo. Asilimia 40 inayobaki ni akiba. Na ikitarajiwa kwamba njia itakuwa imelowa, inaongezwa asilimia 15 nyingine. Akiba ile imewekwa kwa ajili ya binadamu, kwa ajili ya siku ambayo mkono umechelewa, upepo umegeuka, au tairi limeteleza. Haikuwekwa ili mtu aitumie kuongeza mizigo.

Na maji ndiyo adui mkubwa. Acha nikae kidogo kwenye hili, maana sisi ni watu wa masika. Lami ikiwa imetuamisha maji, tairi linaweza kushindwa kuligusa lile tabaka la lami kabisa, likateleza juu ya utando wa maji. Breki zinabanwa, tairi limesimama, ndege inakwenda. Ndiyo sababu njia nzuri huchongwa mifereji myembamba kuvuka upana wake, maji yapate pa kukimbilia. Ndiyo sababu pia mpira wa tairi unaoganda kwenye lami kwa miaka lazima ukwanguliwe.

Hapa niseme neno kwa wale wanaopiga makofi ndege ikitua kwa ulaini, na kunung'unika ikitua kwa kishindo. Siku ya mvua, kwenye njia fupi, kutua kwa kishindo ni kazi nzuri. Rubani ameishusha ndege kwa makusudi, mahali alipotakiwa, ili tairi lipasue utando wa maji na likamate lami. Ukiwa umekaa dirishani, tazama juu ya bawa baada ya kugusa ardhi. Utaona vibao vinanyanyuka na kusimama. Kazi yake ni kuliondolea bawa nguvu ya kuibeba ndege, ili uzito wote ushuke kwenye magurudumu na breki zipate pa kushika. Ngurumo kubwa unayoisikia ya injini kusukuma upepo mbele inasaidia, lakini kazi kubwa ya kusimamisha inafanywa na breki. Vibao vile visiponyanyuka, breki ni kama hazipo.

Na siku moja havikunyanyuka. Twende São Paulo, uwanja wa Congonhas, tarehe 17 Julai 2007. Uwanja ule umezungukwa na jiji pande zote, majengo mpaka kwenye ukingo. Njia yake kuu ilikuwa na mita 1,940. Ilikuwa ndiyo kwanza imewekwa lami mpya, lakini mifereji ile niliyoitaja ilikuwa bado haijachongwa. Mvua ilikuwa inanyesha. Ikaja ndege ya Airbus A320 ya shirika la TAM. Katika injini zake mbili, moja ilikuwa imezimiwa mtambo wa kusukuma upepo mbele, jambo linaloruhusiwa kwa muda. Ndege ilipogusa chini, mkono wa injini moja haukurudishwa nyuma, ulibaki kwenye nguvu ya kupandia. Mitambo ikaelewa kwamba marubani hawajaamua kusimama. Vibao vya mabawa havikunyanyuka. Ndege ikapita mwisho wa njia, ikavuka barabara kuu yenye magari mengi ya jioni, ikagonga jengo. Watu 199 walikufa, na 12 kati yao walikuwa chini, hawakupanda ndege yoyote siku hiyo.

Unaona jinsi mambo yalivyokusanyika? Lami bila mifereji. Mvua. Injini moja isiyokamilika. Mkono mmoja uliosahaulika. Na njia isiyo na akiba, na mwisho wa njia usio na nafasi. Wataalamu wanaendelea kujadili kipi kilikuwa na uzito zaidi. Mimi nasema kwamba uwanja wenye nafasi ungeweza kuibeba nusu ya makosa yale.

Sasa tufike kwenye kiini cha mazungumzo yetu. Nimekwambia njia fupi haisahihishi makosa ya chini. Basi makosa yanasahihishwa wapi? Yanasahihishwa juu, kabla tairi halijagusa. Na njia ya kuyasahihisha ni moja: rubani kughairi kutua. Anasukuma injini, anainua pua ya ndege, anapaa upya, anazunguka na kujaribu tena, au anaondoka kwenda uwanja mwingine. Mashirika ya ndege yana kanuni inayoeleweka: ukifika urefu fulani kutoka ardhini, kwa kawaida futi 1,000, kila kitu kiwe kimetulia. Mwendo uwe sahihi, mteremko uwe sahihi, magurudumu yawe chini. Kama bado hakijatulia, paa upya. Kanuni hiyo haina utata wowote.

Lakini inafuatwa? Utafiti wa taasisi ya Flight Safety Foundation umeonesha kwamba katika kila mara 100 ambazo ndege inakuja kutua bila kutulia, ni mara 3 tu ambapo rubani anaghairi. Mara 97 anaendelea. Nyingi kati ya hizo zinaisha salama, na usalama ule ndio unaomfundisha mtu vibaya, kwa sababu kila akiponea anaamini atapona tena.

Mwaka 2010, tarehe 22 Mei, ndege ya Air India Express ilikuwa inatoka Dubai kwenda Mangalore, kusini mwa India. Wengi ndani yake walikuwa wafanyakazi wanaorudi nyumbani kutoka Ghuba, watu wa kutafuta riziki ugenini, kama wapendwa wetu wengi walioko kule. Uwanja wa Mangalore umejengwa juu ya kilima kilichosawazishwa, pembeni ni bonde. Njia yake ina mita 2,450, si fupi sana kwa Boeing 737. Uchunguzi ulikuta kwamba rubani mkuu alikuwa amelala sehemu kubwa ya safari. Sauti ya kukoroma ilinaswa kwenye kinasa sauti. Ndege ikaja juu mno na kwa kasi mno. Rubani msaidizi aliona. Alimwambia mkubwa wake zaidi ya mara moja wapae upya. Mkubwa akaendelea. Ndege ikagusa ardhi ikiwa imekwisha kupita zaidi ya nusu ya njia. Hapo ndipo akajaribu kupaa tena, wakati umekwisha pita. Ikavuka ukingo, ikaporomoka bondeni, ikawaka. Watu 158 walikufa. Wanane waliokoka.

Nafikiri sana juu ya yule rubani msaidizi. Alikuwa sahihi. Alisema. Lakini alikuwa mdogo kwa cheo, na maneno yake hayakusikika. Sisi tumelelewa kumheshimu mkubwa, na heshima hiyo ni nzuri mezani, msikitini, kanisani, barazani. Ndani ya chumba cha marubani, mdogo akisema tupae, ndege ipae. Maswali yaje baadaye, chini, kila mtu akiwa hai. Mashirika mazuri leo yanafundisha hivyo, na shirika ambalo linamhoji rubani kwa hasira kwa sababu ameghairi kutua na kuchoma mafuta ya ziada, linajichimbia kaburi.

Na sisi abiria je? Tuna mkono wetu katika hili, na napenda tuliseme wazi. Mmekwishaona hali ya hewa inavyobadilika ghafla kando ya Ziwa Victoria. Ndege inayokwenda Bukoba inalazimika kugeuza na kwenda Mwanza. Abiria wanafanya nini? Wanafoka. Wanawatukana wahudumu. Mwingine anasema ana kikao, mwingine ana harusi, mwingine anamsubiri mtu mkubwa. Novemba 2022 tulipoteza watu 19 katika ajali ya ndege pale Bukoba. Ile haikuwa ndege ya jeti, na haikupita mwisho wa njia. Iliangukia ziwani kabla ya kuufikia uwanja. Siichanganyi na habari za leo. Lakini nani kati yetu, akiikumbuka asubuhi ile, atathubutu tena kumfokea rubani aliyesema leo situi hapa?

Narudia, maana ni muhimu: rubani akighairi kutua, hajashindwa. Amefanya kazi uliyomlipia. Ukisikia injini zinanguruma ghafla na ndege inainua pua wakati ulikuwa unaiona lami chini yako, usipige kelele. Kaza mkanda, tulia. Dakika kumi na tano baadaye huenda ukawa chini salama, au ukawa Mwanza badala ya Bukoba, na harusi itakusubiri.

Sasa nitimize ahadi yangu. Nilisema nitakupeleka kwenye mtaa ambako ndege iliua watu waliokuwa kwao. Twende Goma, mashariki ya Kongo, kwa ndugu zetu wa Kiswahili. Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulilipuka. Lava ikashuka, ikapita katikati ya mji, ikafunika na upande wa kaskazini wa njia ya uwanja wa ndege. Njia iliyokuwa ndefu ikawa fupi kwa siku moja. Lava ikapoa, ikawa mwamba. Na ndege zikaendelea kuruka na kutua kwenye kipande kilichobaki, miaka na miaka, kwa sababu Goma bila uwanja ni Goma isiyofikika, barabara mnazijua.

Tarehe 15 Aprili 2008, ndege ya DC-9 ya shirika la Hewa Bora ikajaribu kuruka kuelekea kusini, upande wa mji. Haikufanikiwa kupaa. Ikapita mwisho wa njia, ikaingia Birere. Anayeijua Goma anaijua Birere: maduka, soko, nyumba zimebanana, watu tele. Walikufa watu wapatao 40, na wengi wao sana walikuwa chini, kwenye shughuli zao. Mwaka uliofuata, tarehe 19 Novemba 2009, ndege nyingine ya jeti, MD-82, ikatua kutoka upande wa ziwa, ikashindwa kusimama, ikaishia juu ya mwamba wa lava. Safari hiyo watu waliumia, hakuna aliyekufa. Upande mmoja mwamba, upande mwingine soko. Ndivyo ilivyokuwa kwa marubani wa Goma, na ndivyo ilivyokuwa kwa mama muuza nyanya wa Birere ambaye hakuwahi kuulizwa kama anakubali kuishi mwisho wa njia iliyokatwa.

Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, linataka kila njia ya ndege kubwa iwe na eneo tupu baada ya mwisho wake, eneo la usalama. Kiwango cha chini kabisa ni mita 90, na kinachopendekezwa ni mita 240. Eneo hilo lisiwe na nyumba, ukuta wala mtaro, na lisipandwe nguzo ngumu. Desemba 2024, kule Muan, Korea Kusini, ndege ya Jeju Air ilitua kwa tumbo bila magurudumu, ikateleza mpaka nje ya njia, ikagonga tuta lenye zege lililobeba antena za kuongozea ndege. Kati ya watu 181 walipona wawili. Njia pale haikuwa fupi kama ya Kisongo. Kilichokosekana ni uwazi mbele yake.

Na pasipo na nafasi ya kuweka mita 240? Kuna dawa. Mwisho wa njia unatandikwa zege jepesi lenye matundu ndani, linalovunjika chini ya tairi na kuimeza nguvu ya ndege taratibu. Oktoba 2016, pale LaGuardia, New York, ndege iliyombeba Mike Pence, aliyekuwa mgombea mwenza wa urais wa Marekani, ilipitiliza njia ikanaswa na zege hilo. Wote wakashuka wazima. Uwanja wa Midway, Chicago, nao uliwekewa zege hilo, baada ya ndege kuteleza kwenye theluji Desemba 2005, kuvunja uzio, kuingia barabarani na kumuua mtoto wa miaka sita aliyekuwa ndani ya gari na wazazi wake. Congonhas wenyewe wameliweka. Linagharimu fedha nyingi, ndiyo. Lakini wote hawa waliokawia kuliweka walilipa kwanza kwa njia nyingine.

Hapa nyumbani Tanzania kila mkoa unaomba ndege kubwa. Nawaelewa. Ndege kubwa inaleta watalii, inabeba samaki na maua, inampeleka mgonjwa hospitali ya Muhimbili kwa saa moja. Mbeya walikuwa na njia fupi iliyobanwa katikati ya mji, wakajengewa Songwe, njia ya zaidi ya kilomita tatu, nje kabisa ya nyumba. Zanzibar njia ilirefushwa ikafika mita 3,022. Dodoma walianza kujengewa uwanja wa Msalato. Malindi, kwa majirani zetu wa Kenya, wamekuwa wakiomba kurefushiwa njia yao kwa miaka mingi. Yote haya ni mema. Ninachowaomba viongozi ni mpangilio: kwanza lami na eneo la usalama, kisha jeti. Isiwe jeti kwanza, na lami itafuata bajeti ijayo.

Na ardhi ile ya mwisho wa njia ina wenyewe. Wakazi wa Kipawa na Kipunguni pale Dar es Salaam wanajua maana ya kuthaminiwa nyumba, kuambiwa usijenge, usikarabati, halafu kusubiri fidia miaka na miaka. Mtu aliyekaa hivyo akarudi kujenga, simlaumu. Namlaumu aliyempimia akaondoka. Fidia ikilipwa kwa wakati na kwa haki, eneo linabaki tupu. Ikicheleweshwa, mtaa unarudi, na siku moja ndege inapitiliza. Kwa hiyo fidia nayo, msikilizaji, ni kifaa cha usalama wa ndege, sawa na breki.

Muda wetu unakwisha, nimalize na jambo moja la wewe kulishika mkononi. Tarehe 2 Agosti 2005, ndege ya Air France yenye watu 309 ilitua Toronto, Kanada, katikati ya dhoruba. Iligusa ardhi mbali sana kwenye njia, ikapitiliza, ikaingia korongoni, ikashika moto. Wote 309 walitoka wakiwa hai. Wahudumu walifanya kazi ya kishujaa ndani ya dakika chache. Lakini wachunguzi waligundua kwamba abiria wengi walichukua mikoba yao wakati wa kutoka, moto ukiwa nje. Mkoba mmoja kwenye ujia unawasimamisha watu kumi nyuma yake. Basi ndege ikipitiliza, wahudumu wakisema tokeni: vaa viatu tangu kabla ya kutua, jua mlango wa karibu yako uko safu ya ngapi, mbele na nyuma, mshike mtoto, na mkoba uuache ulipo. Simu, pasipoti, fedha, vyote vinapatikana tena.

Maswali yenu niandikieni kama kawaida, hasa ninyi mnaoishi karibu na viwanja. Nataka kusikia fidia zenu zimefikia wapi, nitazisoma barua zenu hapa wiki ijayo.